Kuishi jimbo moja, kufanya kazi jingine: Ritani mbili za kodi zinazowasubiri wafanyakazi Marekani

Na Mwandishi Wetu

MFANYAKAZI anayeishi Bagamoyo na kufanya kazi Dar es Salaam hana sababu ya kujiuliza kodi ya mshahara wake ni ya mkoa gani. Mwajiri hukata kodi ya PAYE, huiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na suala linaishia hapo. Nchini Kenya nako, Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, hivyo anayelala Kiambu na kushinda kazini Nairobi hadaiwi na kaunti yoyote kati ya hizo mbili.

Hali ni tofauti kabisa Marekani. Huko kila jimbo lina sheria zake za kodi, mamlaka yake ya kodi na fomu zake. Anayelala jimbo moja na kufanya kazi jimbo jingine hujikuta mbele ya madai matatu kwa mshahara ule ule mmoja: la serikali kuu, la jimbo analofanyia kazi na la jimbo analoishi. Katika baadhi ya miji huongezeka dai la nne.

Suala hilo linawagusa pia wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia nchi hiyo. Watanzania na Wakenya wanaoishi Maryland huvuka kila asubuhi kwenda kazini Virginia au katika jiji la Washington. Wengine hupanda treni kutoka Jersey City kwenda Manhattan. Wakongo waliopokewa kama wakimbizi mjini Louisville, Kentucky, wana jimbo la Indiana ng'ambo tu ya mto Ohio.

Kosa la kawaida kwa mgeni ni kutazama hati ya mshahara, kuona kwamba kodi ya jimbo imekwishakatwa, na kuamini kuwa amemaliza wajibu wake. Kinachokatwa mara nyingi ni kodi ya jimbo la kazi peke yake. Sheria za majimbo zimeweka kinga ili mtu asitozwe kodi kamili mara mbili, lakini kinga hiyo haiji yenyewe. Humfikia yule aliyewasilisha ritani zinazotakiwa, kwa mpangilio unaotakiwa.

Nchi moja, mamlaka nyingi za kodi

Kodi ya mapato ya serikali kuu husimamiwa na Idara ya Mapato ya Ndani, maarufu kwa kifupi chake cha IRS. Kodi hiyo haibadiliki kwa sababu ya mahali mtu anapoishi. Mkazi wa Alaska na mkazi wa Florida hujaza fomu ile ile ya 1040 na kutumia viwango vile vile.

Kodi ya jimbo ni jambo jingine. Wisconsin ndilo jimbo lililoanzisha mfumo wa kodi ya mapato wa kisasa mwaka 1911, na mengine yakafuata. Leo majimbo mengi hutoza kodi ya mishahara, ingawa yapo yasiyoitoza, yakiwemo Texas, Florida, Tennessee, Nevada, South Dakota, Wyoming, Alaska na New Hampshire.

Swali la iwapo jimbo lina haki ya kumtoza mtu asiyeishi humo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1920, katika shauri la Shaffer dhidi ya Carter, lililotoka Oklahoma, mahakama iliamua kwamba jimbo linaweza kutoza kodi mapato yanayopatikana ndani ya mipaka yake hata kama mwenye mapato anaishi kwingine. Mwaka huo huo, katika shauri lililoihusu New York, mahakama iliongeza kwamba jimbo halina ruhusa ya kumbagua asiye mkazi kwa kumnyima misamaha inayopewa wakazi.

Tangu wakati huo misingi miwili imekuwa ikienda pamoja. Jimbo la makazi hutoza mapato yote ya mkazi wake, popote yalipopatikana. Jimbo la kazi hutoza mapato yaliyopatikana humo tu. Mgongano huanzia hapo, kwa kuwa mshahara mmoja unaingia katika hesabu zote mbili.

Nani mkazi, nani si mkazi

Hatua ya kwanza kwa mlipakodi ni kujua anahesabiwaje katika kila jimbo. Sheria za majimbo mengi hutambua makundi matatu: mkazi wa mwaka mzima, mkazi wa sehemu ya mwaka na asiye mkazi.

Ukazi hutegemea kwanza makazi ya kudumu, yaani mahali ambapo mtu ana nyumba yake ya kweli na anapokusudia kurudi kila anapoondoka. Ushahidi wake ni mambo ya kawaida ya maisha: leseni ya udereva imetolewa wapi, gari limesajiliwa wapi, familia inaishi wapi, watoto wanasoma wapi, mkataba wa pango ni wa nyumba ipi.

Baadhi ya majimbo yana kipimo cha pili cha siku. New York, kwa mfano, humhesabu mtu kuwa mkazi kwa madhumuni ya kodi hata kama makazi yake ya kudumu yako kwingine, endapo ana nyumba ya kudumu ya kuishi ndani ya jimbo hilo na amekaa humo zaidi ya siku 183 katika mwaka. Kwa hiyo anayeacha familia yake Pennsylvania na kupanga nyumba New York kwa ajili ya kazi anapaswa kuhesabu siku zake kwa makini. Huenda akajikuta ni mkazi wa majimbo mawili kwa wakati mmoja.

Ukazi wa kodi, aidha, si sawa na hadhi ya uhamiaji. Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza ya muda anaweza kuhesabiwa na serikali kuu kuwa si mkazi, na akajaza fomu ya 1040-NR, huku jimbo likimhesabu kwa vipimo vyake lenyewe. Kuwasilisha ritani ya serikali kuu hakumwondolei mtu wajibu wa ritani ya jimbo.

Ritani ya jimbo la kazi hutangulia

Pasipokuwa na mapatano maalumu kati ya majimbo mawili, utaratibu wa kawaida una hatua tatu.

Mlipakodi huandaa kwanza ritani ya serikali kuu, kwa sababu ritani nyingi za majimbo huanza na takwimu zinazotoka humo. Kisha huandaa ritani ya asiye mkazi ya jimbo la kazi na kupata kiasi halisi cha kodi anachodaiwa huko. Mwisho huandaa ritani ya mkazi ya jimbo analoishi, ambamo hutaja mapato yake yote, yakiwemo yale ya jimbo jingine, halafu huomba punguzo kwa kodi iliyolipwa huko.

Mpangilio huo una sababu. Punguzo huhesabiwa kwa kodi ambayo ritani ya jimbo la kazi imeonyesha kuwa inadaiwa, wala si kwa kiasi kilichokatwa kwenye mshahara. Viwango hivyo viwili hutofautiana mara kwa mara. Anayeanza na ritani ya jimbo la makazi na kunakili tarakimu ya makato huandika punguzo lisilo sahihi, na barua ya masahihisho humfuata baadaye.

Mkazi wa New Jersey anayefanya kazi Manhattan, kwa mfano, hujaza fomu IT-203 ya New York kama asiye mkazi. Akimaliza hujaza NJ-1040 ya New Jersey na kuambatanisha jedwali la NJ-COJ, ambalo ndilo la kuombea punguzo hilo.

Yapo majimbo machache yanayogeuza utaratibu. Mkazi wa Arizona, Oregon au Virginia aliyepata mapato California huomba punguzo katika ritani ya California, yaani kwenye jimbo la kazi. Ndiyo maana maelekezo ya kila fomu hayana budi kusomwa kabla ya kujazwa.

Mfano wa Gary na Chicago

Majimbo ya Indiana na Illinois yanapakana na hayana mapatano ya kusameheana kodi ya mishahara. Kwa mwaka wa kodi wa 2025, Illinois ilitoza asilimia 4.95 na Indiana asilimia 3. Chukua wafanyakazi wawili, kila mmoja akiwa na mshahara wa dola 60,000 kwa mwaka. Ili kurahisisha hesabu, misamaha imewekwa kando, pamoja na kodi ya kaunti ambayo Indiana huitoza kwa hesabu yake peke yake.

Wa kwanza anaishi Gary, Indiana, na kufanya kazi Chicago. Illinois inamdai dola 2,970. Indiana, kwa kuwa ni jimbo lake la makazi, inamdai dola 1,800 kwa mshahara huo huo. Akiomba punguzo, dola 1,800 zote zinafutwa. Dola 1,170 za Illinois zinazozidi hapo hazirudishwi na mtu yeyote, kwa sababu punguzo haliwezi kuzidi kodi ambayo jimbo la makazi lingetoza kwa mapato hayo. Jumla yake ni dola 2,970.

Wa pili anaishi Chicago na kufanya kazi Gary. Indiana inamdai dola 1,800. Illinois inamdai dola 2,970, lakini anapoomba punguzo la dola 1,800 anabaki na dola 1,170 za kulipa nyumbani. Jumla yake nayo ni dola 2,970.

Kwa lugha nyepesi, anayevuka mpaka hulipa kwa kiwango cha jimbo lenye kodi ya juu zaidi, na si zaidi ya hapo. Mfanyakazi wa kwanza asipoomba punguzo hujikuta na madai ya dola 4,770. Tofauti ya dola 1,800 ni gharama ya karatasi moja isiyojazwa.

Mfano wa pili unaonyesha mtego mwingine. Yule wa Chicago amekatwa kodi ya Indiana mwaka mzima, na ifikapo Aprili anakuta Illinois inamdai dola 1,170 ambazo hakuziweka akiba. Anaweza kuepuka hali hiyo kwa kumwomba mwajiri akate pia kodi ya jimbo la makazi, au kwa kulipa mwenyewe kwa awamu nne ambazo kwa kawaida huangukia Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Majimbo mengi hutoza adhabu kwa anayengoja hadi mwisho wa mwaka akiwa na deni kubwa.

Mkazi wa jimbo lisilo na kodi ya mapato naye hana la kuomba nyumbani. Mkazi wa Texas anayekwenda kufanya kazi California kwa miezi mitatu hulipa kodi ya California kwa mapato ya miezi hiyo, na kwa kuwa Texas haimdai chochote, hakuna mahali pa kuombea punguzo.

Majimbo yaliyosameheana

Baadhi ya majimbo jirani yameona usumbufu huo na kuingia mapatano. Chini ya mapatano hayo, mfanyakazi hulipa kodi ya mshahara katika jimbo analoishi tu, na jimbo la kazi halimdai.

Pennsylvania na New Jersey zina mapatano ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Maryland inayo na Virginia, Pennsylvania, West Virginia na Wilaya ya Columbia, ambako ndiko uliko mji mkuu wa Washington. Indiana inayo na Kentucky, Michigan, Ohio, Pennsylvania na Wisconsin. Illinois inayo na Iowa, Kentucky, Michigan na Wisconsin. Minnesota inayo na Michigan na North Dakota.

Msamaha huo hauanzi kufanya kazi kwa kuvuka mpaka tu. Mfanyakazi hutakiwa kumkabidhi mwajiri fomu ya kuthibitisha kwamba anaishi jimbo jirani, ili makato yafanyike kwa ajili ya jimbo la makazi. Mkazi wa Pennsylvania anayefanya kazi New Jersey hujaza NJ-165. Anayekwenda upande wa pili hujaza REV-419. Ohio hutumia IT 4, Minnesota hutumia MWR, na Maryland huweka sehemu ya msamaha huo ndani ya fomu MW507.

Asiyekabidhi fomu hiyo hukatwa kodi ya jimbo la kazi kama kawaida. Hapo fedha hazijapotea, ila hulazimika kuwasilisha ritani ya asiye mkazi kuomba kurudishiwa zote, huku akilipa kodi kamili nyumbani. Hawezi kuomba punguzo katika jimbo la makazi kwa fedha hizo, kwa sababu jimbo la kazi halikuwa na haki ya kuzidai tangu mwanzo. Wengi hukosea hapo na ritani zao hurudishwa.

Mapatano hayo yana mipaka mingine. Kwa kawaida hugusa mishahara na malipo ya kazi ya kuajiriwa, si faida ya biashara wala kodi ya pango la nyumba iliyoko jimbo jingine. Aidha, hayadumu milele. Mapatano ya Minnesota na Wisconsin yalikoma mwanzoni mwa mwaka 2010, na tangu hapo anayeishi Hudson, Wisconsin, na kufanya kazi St. Paul hujaza ritani mbili. New Jersey nayo ilitangaza mwaka 2016 kwamba itajitoa katika mapatano yake na Pennsylvania, kisha ikabadili uamuzi huo kabla ya mwaka kwisha.

Miji nayo hudai

Mapatano ya majimbo hayaifungi mikono miji. Mkazi wa Camden, New Jersey, anayefanya kazi Philadelphia amesamehewa kodi ya jimbo la Pennsylvania, lakini jiji la Philadelphia humkata kodi yake ya mishahara, ambayo hutozwa wakazi na wasio wakazi. Anaporudi kujaza ritani ya New Jersey, kodi hiyo ya jiji huruhusiwa kuombewa punguzo. Asiyeijua haki hiyo huiacha mezani.

Louisville nayo hutoza kodi ya kazi kwa wanaofanya kazi humo, wakiwemo wanaotoka Indiana, ingawa kiwango cha wasio wakazi ni cha chini kuliko cha wakazi. Jiji la New York kwa upande wake hutoza kodi ya jiji wakazi wake tu. Kodi iliyokuwa ikitozwa wafanyakazi wa kutoka nje ya jiji hilo ilifutwa mwaka 1999.

Suala la kodi za ngazi ya chini lilifika Mahakama Kuu kupitia Maryland. Jimbo hilo lilikuwa likiwapa wakazi wake punguzo kwa kodi iliyolipwa majimbo mengine katika kodi ya jimbo, lakini si katika sehemu inayokwenda kaunti. Mwezi Mei 2015, katika shauri la Wynne, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka Katiba kwa kuwatoza mara mbili wanaopata mapato nje ya jimbo.

Anayefanya kazi akiwa nyumbani

Kanuni ya msingi ni kwamba mshahara hutozwa kodi pale mwili wa mfanyakazi ulipokuwa alipofanya kazi. Anayeishi Connecticut na kufanya kazi nyumbani kwake kwa ajili ya kampuni ya jimbo jingine, kwa kawaida hudaiwa na Connecticut tu.

New York haikubaliani na hilo moja kwa moja. Kwa kanuni yake, siku ambazo mfanyakazi wa ofisi ya New York anafanya kazi nje ya jimbo huhesabiwa kuwa siku za New York, isipokuwa kama mwajiri ndiye aliyelazimisha kazi hiyo ifanyike huko. Kama ni kwa matakwa ya mfanyakazi mwenyewe, New York hudai kodi yake. Pennsylvania na Delaware nazo zina kanuni za namna hiyo.

Kanuni hiyo ilipingwa na Thomas Huckaby, mtayarishaji wa programu za kompyuta aliyeishi Tennessee na kuajiriwa na taasisi ya New York. Takriban robo tatu ya muda wake alifanya kazi akiwa Tennessee, lakini New York ilidai kodi kwa mshahara wake wote. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya New York ilimshinda kwa majaji wanne dhidi ya watatu, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Kwa kuwa Tennessee haitozi kodi ya mishahara, hakuwa na punguzo la kuomba nyumbani.

Janga la uviko lilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, mzozo huo uliwagusa wengi zaidi. Massachusetts iliweka kanuni ya muda ya kuendelea kuwatoza wafanyakazi wa majimbo jirani waliokuwa wakifanya kazi nyumbani kwao, na New Hampshire ikaishitaki moja kwa moja Mahakama Kuu. Mwezi Juni 2021 mahakama ilikataa kulipokea shauri hilo. New Jersey kwa upande wake ilipitisha sheria mwaka 2023 inayolipa kisasi kwa majimbo yenye kanuni kama ya New York, kwa kuwatoza wakazi wao kwa kanuni ile ile.

Funzo kwa mfanyakazi ni kutunza kumbukumbu za siku alizokuwa kila jimbo, pamoja na barua ya mwajiri inayoeleza nani aliyeamua kazi ifanyikie wapi.

Madereva, wanajeshi na wanaohama

Sheria ya serikali kuu imewatenga wafanyakazi wa aina fulani. Dereva wa lori la kibiashara ambaye kazi yake ya kila siku inapita katika majimbo mawili au zaidi hutozwa kodi ya jimbo na jimbo analoishi tu, hata kama magurudumu yake yamekanyaga majimbo 20 kwa mwezi. Kazi hiyo imewavuta wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, na ni vyema dereva akaikumbusha kampuni yake endapo atakuta amekatwa kodi ya jimbo asiloishi. Wafanyakazi wa reli wana kinga inayofanana na hiyo.

Mwanajeshi naye hulipa kodi ya mshahara wa jeshi katika jimbo la makazi yake ya kudumu, si jimbo alikopelekwa kikazi. Tangu mwaka 2009 sheria imempa mwenzi wake wa ndoa kinga kama hiyo kwa mshahara wake mwenyewe, kwa masharti maalumu.

Kwa upande mwingine, muuguzi anayekwenda kwa mikataba ya miezi michache katika hospitali za majimbo mbalimbali hana kinga hiyo. Huenda akadaiwa ritani ya asiye mkazi katika kila jimbo lenye kodi alilofanyia kazi, na kisha ritani ya mkazi nyumbani. Baadhi ya majimbo yameweka nafuu kwa kazi za muda mfupi. Illinois, kwa mfano, tangu mwaka 2020 haimtozi kwa mshahara asiye mkazi ambaye amefanya kazi humo kwa siku zisizozidi 30 katika mwaka.

Aliyehama katikati ya mwaka hujaza ritani ya mkazi wa sehemu ya mwaka katika majimbo yote mawili, na mapato hugawanywa kwa tarehe ya kuhama. Tarehe hiyo hupaswa kuwa na ushahidi, kama mkataba wa pango au leseni mpya.

Gharama ya kutowasilisha

Majimbo mengi huwa na miaka mitatu au minne ya kuikagua ritani iliyowasilishwa. Muda huo ukipita, kwa kawaida suala hufungwa. Lakini kwa asiyewasilisha ritani kabisa, muda huo haujaanza kuhesabiwa. Jimbo linaweza kumwandikia barua baada ya miaka minane au kumi, likidai kodi, riba na adhabu kwa pamoja. IRS na mamlaka za majimbo hubadilishana taarifa, hivyo mshahara ulioonekana upande mmoja huonekana pia upande wa pili.

Ubaya mwingine ni kwamba haki ya kudai kurudishiwa fedha ina mwisho wake, kwa kawaida miaka mitatu. Mtu anaweza kudaiwa leo na jimbo la kazi kwa mwaka wa zamani, na akikimbilia jimbo la makazi kuomba punguzo la mwaka huo, akaambiwa muda umepita. Hapo ndipo mshahara mmoja hutozwa mara mbili kwa kweli, na sheria haina tena la kumsaidia.

Kwa mhamiaji madhara hayaishii mfukoni. Fomu ya N-400 ya kuomba uraia wa Marekani humtaka mwombaji aeleze, kwa kiapo, kama ana deni la kodi ya serikali kuu, ya jimbo au ya mji lililopitisha muda. Ritani ya jimbo iliyopuuzwa miaka mitano nyuma inaweza kuibuka siku ya mahojiano.

Aliyekwishakosea hana sababu ya kukata tamaa. Mamlaka nyingi za majimbo zina utaratibu wa mtu kujitokeza mwenyewe kabla hajaandikiwa barua, ambapo hulipa kodi na riba na kupunguziwa au kufutiwa adhabu. Ritani zilizokosewa nazo zinaweza kurekebishwa kwa fomu ya marekebisho.

Nyaraka, tarehe na msaada

Nyaraka ya kwanza ni fomu W-2, ambayo mwajiri hutakiwa kuitoa ifikapo Januari 31. Visanduku vya 15 hadi 17 huonyesha jimbo, mshahara uliohesabiwa kwa jimbo hilo na kodi iliyokatwa. Vya 18 hadi 20 huonyesha hayo hayo kwa mji au kaunti. Mfanyakazi anayeona jimbo moja tu katika visanduku hivyo, huku akiishi jingine, ajue kwamba ana kazi ya kufanya.

Tarehe ya mwisho ya serikali kuu ni Aprili 15, na majimbo mengi huifuata. Baadhi hutofautiana: Iowa na Delaware huwa Aprili 30, Virginia Mei 1 na Louisiana Mei 15. Kuongezewa muda wa kuwasilisha hakumaanishi kuongezewa muda wa kulipa.

Wenye kipato cha chini na cha kati hupata msaada wa bure kupitia mpango wa VITA unaoratibiwa na IRS, ambao vituo vyake huwa katika maktaba, makanisa na ofisi za jumuiya. Kwa kuwa si kila kituo hushughulikia ritani za majimbo mengine, inafaa kuuliza kabla ya kwenda. Anayemlipa mtayarishaji ahakikishe kwamba ametia saini ritani hiyo na kuandika namba yake ya utambulisho, na kwamba ritani zote mbili za majimbo zimetajwa katika hesabu.

Ni busara pia kutunza nakala za ritani, fomu W-2 na orodha ya siku za kazi za kila mwaka. Barua ya jimbo inapofika baada ya miaka kadhaa, mwenye nakala hujibu kwa bahasha moja. Asiyekuwa nazo huanza kutafuta waajiri aliowaacha zamani, baadhi yao wakiwa wamekwishafunga milango.